Kamba, Ndoo na Vita vya Haki

Kwanza niseme wazi, msomaji asije akanielewa vibaya: nchi yetu ya Mwinuko haijawahi kupigana vita visivyo vya haki. Si mimi ninayesema. Imeandikwa kwenye Katiba, ibara ya tatu, kwa wino wa dhahabu: "Mwinuko haipigani vita visivyo vya haki." Kwa hiyo vita vyovyote tunavyopigana ni vya haki, na anayebisha anabishana na Katiba, na anayebishana na Katiba anajua mwenyewe atalala wapi usiku huo.

Jirani zetu ni nchi ya Mteremko. Kilima ni kimoja. Sisi tunakitazama kutoka chini tunaona kinapanda, wao wanakitazama kutoka juu wanaona kinashuka, na hiyo ndiyo tofauti pekee iliyokwisha kugunduliwa kati ya mataifa haya mawili, ingawa Chuo Kikuu chetu kina idara nzima inayotafuta nyingine.

Mwaka ule, mwezi wa sita, ng'ombe wa Mteremko alivuka mpaka akala picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa iliyobandikwa kwenye ubao wa forodha. Aliila yote, kuanzia kofia hadi tai. Hilo lingeweza kusameheka, maana ng'ombe ni ng'ombe, na gundi ya serikali wakati huo ilipikwa kwa unga wa muhogo. Lakini alipomaliza alirudi kule, akajilaza kwenye majani, akaanza kucheua huku amegeukia upande wetu. Mlezi Mkuu alipelekewa taarifa. Inasemekana aliuliza tu, "Bado anacheua?" Wakamjibu, bado, Mtukufu. Basi tukawa na sababu ya kupigana.

Nchi nyingine zingeanza kupiga siku ileile. Sisi hatuko hivyo. Sisi tuna Tume ya Sheria ya Maumbile, ambayo mimi nilikuwa karani wake, chini ya mwenyekiti wetu Profesa Kahwili. Sheria ya maumbile, kwa wale wasiopata bahati ya kumsikia Profesa, ni ile ambayo haikutungwa na bunge lolote. Kila binadamu huzaliwa nayo moyoni. Ndiyo inayomwambia hata asiyejua a wala be kwamba asiye na kosa hauawi, na kwamba mwenye kiu hunyweshwa. Mataifa yote yako chini yake, hata yasiyoitia saini. Profesa aliisomea miaka tisa ng'ambo, na aliporudi nayo aliifungia kwenye kabati lenye kufuli mbili, isije ikachezewa.

Vita kabla havijaanza, Tume hujaza fomu nne. Fomu ya sababu tuliijaza asubuhi moja tu. Fomu ya nia njema aliijaza Mlezi Mkuu mwenyewe, akaandika, "Nia yangu ni njema," akatia saini. Fomu ya uwiano, inayotaka adhabu isizidi kosa, ilimleta ofisini kwetu Jenerali Mbogoma akiwa na daktari wa mifugo.

"Ng'ombe ana meno mangapi?" Jenerali aliuliza.

"Thelathini na mawili, Jenerali. Ila mbele, taya la juu, hana kitu."

Jenerali alisikitika kidogo kuhusu lile taya la juu. "Basi makombora thelathini na mawili," akasema. "Hata moja lisizidi. Sisi si washenzi."

Ikabaki fomu ya nne, Ushahidi wa Maumbile. Hii ndiyo iliyotutesa.

* * *

Fomu ya nne inataka apatikane mtu mmoja ambaye moyo wake haujaguswa na mafundisho ya mtu, aulizwe kama vita ni vya haki. Akisema ndiyo, vita vinaendelea. Akisema hapana, vinafutwa, na Mlezi Mkuu mwenyewe hana la kufanya. Ibara ilipitishwa zamani, siku ambayo wabunge wengi walikuwa wamesinzia.

Mjini hatukumpata mtu wa namna hiyo. Kila tuliyemfuata alikuwa na shahada. Hata mfagizi wa Tume alikuwa daktari wa heshima, aliyetunukiwa siku wageni walipopungua kwenye sherehe. Na wasio na shahada walikuwa na redio, ambayo kwa mwezi mzima ilikuwa ikiwafundisha kwamba vita ni vya haki. Profesa alikuwa mkali hapo. Moyo uliofundishwa na redio, alisema, si maumbile tena, ni marudio.

Mwishowe tuliambiwa habari za Bi Nyanzala wa kijiji cha Kambani, mjane, asiyewahi kukanyaga shule utotoni, ambaye betri za redio yake zilikufa tangu palizi. Tukapanda gari na askari wawili, tukaenda.

Kambani ni kijiji chetu cha mwisho. Ukitembea hatua mia mbili uko Ndooni, kijiji cha kwanza cha Mteremko, na katikati pana kisima kimoja. Zamani akina bibi wa vijiji hivi walikigombania kisima hicho mpaka wakang'oana nywele, halafu wakachoka, wakapatana hivi: kamba italala Kambani, ndoo italala Ndooni. Kamba moja, ndoo moja. Kila alfajiri mwenye kamba anakuja kutoka huku, mwenye ndoo anakuja kutoka kule, wanafunga, na watu wa pande zote wanachota. Anayetangulia humngoja mwenzake. Haruhusiwi kurudi nyumbani kabla mwenzake hajafika, iwe jua iwe mvua, kwa sababu zile nywele ziling'oka siku ambayo mtu mmoja aliondoka bila kungoja. Hakuna askari anayesimamia utaratibu huo, wala hakuna mahali ulipoandikwa. Niliuandika mimi kwenye daftari langu asubuhi ile, Profesa akasema ni desturi ya kuvutia ila haina hadhi ya kisheria.

Mwenye kamba alikuwa Bi Nyanzala. Mwenye ndoo alikuwa Masika, binti yake wa pekee, aliyeolewa Ndooni. Mama na mwana walionana kila alfajiri, mmoja na kamba begani, mwingine na ndoo kichwani.

Profesa alivaa joho. Tukaketi kwenye vigoda mbele ya mlango wa Bi Nyanzala, pembeni ya mafiga yake, kuku wakipita katikati yetu.

"Mama," Profesa akaanza, "tumetoka mbali kuja kuusikiliza moyo wako. Je, moyo wako, katika hali yake ya maumbile, pasipo kufundishwa, kuelekezwa wala kushawishiwa, unaafiki kwamba vita vinavyokusudiwa na Taifa letu tukufu ni vita vya haki?"

Bi Nyanzala akanigeukia mimi. "Mwanangu, anasemaje huyu baba?"

"Anauliza kama ni sawa tukawapige watu wa Ndooni."

"Wamefanya nini?"

"Ng'ombe wao amekula picha ya Mlezi Mkuu."

"Ng'ombe yupi?"

Hilo hatukuwa tumelichunguza. Profesa alifunua faili, akafunika.

"Maana kama ni yule mwekundu wa pembe moja," Bi Nyanzala akaendelea, "huyo ni wa hapahapa. Wa mzee Lugembe, nyumba ile pale. Anapenda tu majani ya kule."

"Karani, hilo usiandike," Profesa akasema. "Umiliki wa ng'ombe hauathiri uhalali. Mama, ni ndiyo au hapana?"

"Hapana, baba. Si sawa hata kidogo. Kule yuko mwanangu. Na hata asingekuwepo, si sawa. Mtu hajakukosea, unaanzaje kumpiga? Hilo nalo mpaka mtu afundishwe?"

Kuku wenyewe nadhani walisikia. Profesa alibadilika rangi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi Tume miaka kumi na moja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sheria ya maumbile ikisemwa na mtu. Nilisikia furaha, naungama. Nikaandika "hapana" kwa herufi kubwa. Vita vilikuwa vimekwisha kabla ya kuanza, ilibaki shahidi aweke dole gumba tu.

Kile kisahani cha wino kilikuwa kimekauka. Ombi la wino mpya lilikuwa Wizarani, likingoja sahihi ya saba. Nikampa kalamu yangu, nikamwambia, "Chora alama yoyote hapa, mama."

"Alama ya nini? Mimi najua kuandika jina langu."

Na akaandika. Aliinama, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akaandika NYANZALA, herufi ya nne imegeukia nyuma. Akanirudishia kalamu kwa fahari. "Na la Masika pia najua. Siku ya ndoa yake yule bwana wa vyeti alitaka nibandike dole. Nikasema sitachafua cheti cha mwanangu. Nikaingia darasa la watu wazima wiki mbili, nikajifunza majina mawili. Halafu mwalimu akahamishwa."

Profesa alivaa miwani polepole. Alitazama ile saini kwa muda, na nikaona rangi yake ikirudi.

"Karani," akasema, "shahidi huyu amesoma."

"Wiki mbili, Profesa."

"Elimu ni elimu. Moyo umeshaingiliwa. Sasa nani atatuambia hiyo hapana imetoka kwenye maumbile au imetoka darasani? Ushahidi umebatilika."

Nyumbani kwa jirani palikuwa na mtoto wa miezi miwili. Hakusoma, hilo halikuwa na ubishi. Profesa alimsomea swali lote, na alipofika kwenye "Taifa letu tukufu" mtoto akaangua kilio. Mama yake alisema ana njaa. Profesa alisema ni uchungu wa kizalendo katika hali yake safi kabisa, na kilio kikaandikwa kuwa ndiyo. Wino haukuwepo, basi mama wa mtoto akashauri tutumie masizi ya sufuria, na dole gumba likatoka vizuri ajabu. Nilijiuliza kwa nini masizi hayakunijia kichwani nusu saa kabla. Sufuria ya Bi Nyanzala ilikuwa mafigani, karibu na goti langu.

Wakati wa kuondoka, askari wakaichukua kamba. Kanuni inasema kila kitu kinachovuka mpaka kila siku kizuiwe mpaka vita viishe. Nikamwandikia Bi Nyanzala stakabadhi.

"Sasa kesho Masika atangoja nini?" aliniuliza.

Nilimwambia ni kwa muda mfupi tu, nikaitupa kamba nyuma ya gari.

* * *

Mchana tulikutana kwenye boma la wilaya kuchagua shabaha. Ninapenda wasomaji wajue jinsi kikao kile kilivyokuwa na utu. Mlezi Mkuu alikuwa ameagiza raia wasiguswe, na Jenerali Mbogoma, mtu ambaye huwa haagizwi mara mbili, alipitisha kidole chake kwenye ramani nyumba kwa nyumba.

"Hapa pana watu. Hapa pana watu. Hapa zahanati. Hapa naona kama banda la mbuzi, na mbuzi nao wana roho." Kidole kikasimama. "Hapa je? Nyumba hakuna, shule hakuna, hata kichaka hakuna."

"Ni kisima," nikasema.

"Cha nani?"

"Hakina mwenyewe, Jenerali."

"Safi kabisa. Hatuharibu mali ya mtu." Akakizungushia duara jekundu. "Kesho alfajiri, saa kumi na mbili kasoro robo. Saa hizo kila mtu mwenye adabu bado yuko ndani kwake."

Profesa alimpongeza, akasema wanafunzi watakisoma kikao hiki kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa naandika. Kwenye daftari lilelile, kurasa tatu nyuma, kulikuwa na maelezo ya nani huwa wapi alfajiri. Karani hasemi mpaka aulizwe, na sikuulizwa.

Bi Nyanzala alikuwa amelifuata gari kwa miguu. Alifika bomani saa tisa na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kudai kamba yake. Askari wa mlangoni, kijana mwenye huruma, alimtuliza kwa kumweleza kwamba asiwe na wasiwasi, nyumba hata moja haitapigwa, kitapigwa kisima tu, alfajiri. Sijui aliwapitaje wale walinzi. Tulisikia mlango unapiga ukuta, na yeye yuko katikati ya chumba.

"Kisimani alfajiri kuna watu!" alisema. "Masika atakuwa pale. Atakuwa pale na ndoo. Atangoja kamba, na kamba mnayo ninyi!"

"Mama, tulia," Jenerali akasema kwa upole. "Akiona kamba haiji, si atarudi nyumbani?"

"Harudi! Nimemlea mwenyewe, harudi. Hajawahi kuondoka kabla sijafika. Nipeni kamba nimpelekee, au nipeni njia nikamwambie."

Njia ilikuwa imefungwa tangu adhuhuri. Jenerali alimtazama Profesa, maana hayo ni mambo ya sheria. Profesa alifikiri, akauliza kwa sauti ya kumsaidia:

"Unazungumza ukiwa nani, mama? Kama mtu wa maumbile, wewe ulishaenguliwa. Kama mtu aliyesoma, una haki kamili ya kuweka pingamizi. Pingamizi la msomi huwekwa kwa maandishi, nakala tatu, kabla ya saa kumi na moja."

"Mimi sijui kuandika maneno hayo, baba."

"Mbona saini yako ninayo hapa?"

Bi Nyanzala akanijia mezani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kamba ya miaka mingi. "Mwanangu, niandikie wewe. Maneno machache tu. Andika wasipige, kuna watu."

Nilimweleza kwamba karani wa Tume haruhusiwi kumwandikia mlalamikaji, ni mgongano wa maslahi. Hayo ndiyo niliyomweleza. Nikampa karatasi tatu na ile kalamu yangu.

Aliketi sakafuni, akaweka karatasi juu ya kigoda. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Akaandika jina analolijua. MASIKA. Chini yake akaandika tena, MASIKA. Aliendelea hivyo mstari kwa mstari mpaka ukurasa ukajaa, akachukua wa pili, akachukua wa tatu, akibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi zikatoboka mahali. Saa kumi na moja kasoro dakika tano akasimama, akamkabidhi Profesa nakala zote tatu, akabaki ameunganisha mikono kifuani, akimtazama anavyosoma.

Profesa alisoma zote kwa makini, sitamsingizia. "Zimewahi muda," akasema. "Idadi ya nakala ni sahihi. Lakini hoja siioni. Karani, gonga muhuri."

Niligonga. Muhuri ulisema IMEPOKELEWA.

* * *

Vita vya Haki vilidumu dakika kumi na tisa. Makombora yalikuwa thelathini na mawili, kama fomu ilivyosema, na yote yaliangukia ndani ya lile duara. Redio ilitangaza kwamba hakuna nyumba iliyopata hata ufa, na ni kweli. Mwaka uliofuata Jenerali alialikwa nchi tatu kufundisha.

Pale kisimani walikuwa watu sita. Watano walikuwa wamekuja na mitungi yao kungoja maji. Wa sita alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, uso ameuelekeza Kambani. Tume iliwachunguza, ikaona kwamba walikuwa mahali pasipo na watu kisheria, na kwamba wangekuwa majumbani mwao wangekuwa salama. Walikuwa wakingoja nini hadi saa hiyo, ripoti ilisema, haikuweza kufahamika. Zile karatasi tatu zilipelekwa Chuo Kikuu zikachambuliwe, zikarudi na maelezo kwamba maana yake haijulikani. Nimesoma miaka kumi na sita, na mimi niliielewa tangu mstari wa kwanza.

Baada ya wiki mbili wino mpya ulifika. Sheria ya maumbile inataka mali ya raia irudishwe vita vikiisha, na Profesa hana mchezo kwenye jambo hilo. Nikatumwa Kambani na kamba.

Bi Nyanzala alikuwa ameketi mlangoni. Sikujua nimpe pole kwa maneno gani, nikatoa fomu ya kupokea mali, nikaiweka juu ya kigoda na kalamu juu yake.

"Andika jina lako hapa, mama."

"Sijui kuandika."

"Unajua, mama. Uliandika."

"Nilijua mawili. Yote nimeyaacha."

Alinyoosha mkono mafigani, akapitisha dole gumba chini ya sufuria, akalibandika kwenye karatasi. Lilitoka jeusi, mistari yake yote inaonekana. Wino mpya ulikuwa mfukoni mwangu, haujafunguliwa. Akanisogezea fomu.

"Haya, mwanangu. Sasa sijasoma," akasema. "Niulize tena."

Niliikunja fomu, nikaitia mfukoni.

"Niulize. Lile swali la yule baba, niulize kama ni sawa."

Nilimwambia fomu za ushahidi ziko ofisini, na karani haulizi bila fomu. Nikaiweka kamba miguuni pake, nikarudi kwenye gari. Dereva alipowasha niligeuka. Alikuwa bado amelinyoosha lile dole jeusi, ananingoja.